Bambu Mbele ya Barza Yetu



Wengi kati yenu munakaa kando ya barabara ya makamio. Hamuhitaji mutu wa kuwaeleza vumbi ni kitu gani. Asubuhi unafagia barza. Saa sita unaweza kuandika jina lako juu ya meza na kidole. Unaanika shuka nyeupe, unaanua shuka nyekundu. Na barza kwetu ina kazi nyingi. Pale njo tunakula bukari, pale tunapokea wageni, pale watoto wanaandika masomo yao mbele jua kuzama, pale tunaomba mangaribi. Kukiwa kilio, pale njo watu wanakaa. Barza ni chumba cha kwanza cha nyumba, lakini ni chumba kisicho na ukuta.

Leo napenda kuwaeleza habari ya ukuta wa majani: bambu ndani ya mapipa. Vitabu vya Kiswahili vinaiita mianzi, sisi huku tumezoea kusema bambu. Nitawaeleza namna ya kuipanda, na zaidi namna ya kuigawanya. Watu wengi wanapanda vizuri, kisha kugawanya kunawashinda, na bambu yao inakauka katika mwaka wa ine ao wa tano, wanasema ni uchawi wa jirani.

Kwa nini tulihitaji ukuta

Sisi ni wapangaji hapa Likasi. Mama mukwe wangu alipata kiharusi katika mwaka 2017, na upande wake wa kuume hautumiki tena. Chumba chake ni kidogo na giza, na muganga alituambia asilale muchana wote. Basi kila asubuhi tunamutosha, tunamukalisha ku barza. Pale tunamulisha, pale tunamupaka mafuta mikono na miguu.

Njia iko metre 6 tu mbele yetu. Watu wanapita, wanasimama, wanaangalia gisi mate yanamutoka. Watoto wanaiga mukono wake. Siku moja aliniambia na sauti yake ile ya kukatika: “Miye nimekuwa sinema ya barabara?” Wasomaji, yeye ni mama aliyelea watoto saba na kuimba katika kwaya miaka mingi. Neno lile halikuniacha nilale.

Tulifikia mwenye nyumba, tukaomba kujenga kaukuta kafupi. Alikataa: “Udongo ni wangu. Hapana kujenga, hapana kuchimba, hapana kupanda muti.” Simulaumu, amekwisha kuona wapangaji waliojenga, kisha wakasema parseli ni yao. Tukatundika vitenge. Upepo wa mwezi wa 8 ulivipasua, na vumbi iliyokaa ndani ilitupiga chafya. Ilibaki kutafuta kitu kinachokaa juu ya udongo bila kuingia ndani yake, kitu ambacho siku tukihama tutakipakia pamoja na vitanda. Bwana yangu njo aliwaza bambu ndani ya pipa.

Bambu ya namna gani

Bambu ni ndugu ya majani, sawa muhindi na matete, si muti. Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza inatembea chini ya udongo: shina lake la chini linakimbia mbali, leo chipukizi liko kwako, mwaka kesho liko katika parseli ya jirani. Bambu ya milima ya Kivu, ile ambayo gorila wa Kahuzi-Biega wanakula machipukizi yake, ni ya namna hii. Ya pili inakaa pamoja kama familia: machipukizi mapya yanatokea karibu sana na mama yao, na kundi linanenepa polepole. Kwa pipa chukua ile ya kukaa pamoja.

Ile ya manjano yenye mistari ya kijani, ambayo munaiona katika viwanja vya misioni na bustani za zamani, ni ya kukaa pamoja. Katika udongo inapita metre 10. Ndani ya pipa inabaki fupi, na unaweza kuikata kichwa. Fimbo ya bambu ukiikata juu ya fundo hairefuki tena, inazidisha matawi na majani. Iko pia ndogo yenye majani membamba, wenye elimu wanaiita Bambusa multiplex. Ukiipata kwa wauza maua, hiyo ni nzuri zaidi kwa barza.

Jueni jambo moja: fimbo ya bambu inatoka chini na unene wake wote. Haitanenepa kesho. Inamaliza urefu wake katika muda wa miezi michache, kisha kazi yake ni kulisha shina la chini na majani. Kwa hiyo fimbo za mwaka huu zinaonyesha ulishaji wa mwaka jana.

Angalia sana pipa lako

Hapa nawaomba musome polepole. Katika miji yetu ya migodi mapipa yanauzwa bei rahisi ku soko, na mengi yametoka katika viwanda, yalikuwa na asidi ao dawa za kusafishia madini. Hapana kuyanunua. Hata ukilisugua na sabuni, hata ukilichoma moto, dawa zingine zinabaki, na moshi wake ni mubaya kwa watoto. Tena nasema: pipa la dawa halifai kwa bambu, halifai kwa maji, halifai kwa bia ya muhindi. Kama haujui lilibeba nini, liache. Tafuta pipa lililobeba mafuta ya kupikia, ao jenga sanduku la mbao, ao la matofali na simenti kidogo.

Pipa la litre 200 ulikate katikati kwa kulizunguka, si kwa urefu. Utapata vyombo viwili vyenye kina cha sentimetre 44 hivi. Ukilikata kwa urefu vitakuwa vifupi mno kwa mizizi. Piga nyundo ukingo wote wa juu, usikate mukono wa mutoto. Toboa matundu nane chini, ya upana wa kidole gumba. Weka chombo juu ya matofali matatu ili maji yatoke, na hapana kuweka sahani chini yake: maji yanayosimama njo nyumba ya mbu.

Barza yetu ina metre 3 na nusu. Mapipa mawili yalitupa vyombo vine, tukaacha nafasi ya sentimetre 40 kati ya kimoja na kingine. Weka chombo mahali pake mbele ya kukijaza, kwani kikijaa udongo na maji kinaweza kufikia kilo 150.

Udongo, chakula na maji

Sisi tunachanganya sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya muchanga wa muto, na sehemu moja ya samadi ya kuku iliyooza miezi mingi. Samadi mupya inachoma mizizi. Udongo wa kichuguu una nguvu, kila mulimaji wa Katanga anaujua, lakini ni uleule wa kufyatulia matofali: tia kidogo tu, ukizidisha utakuwa jiwe ndani ya pipa. Na usichukue udongo karibu na lundo la takataka za mugodi wala kandokando ya maji yanayotoka kiwandani.

Bambu ya ndani ya pipa haiwezi kwenda kutafuta maji mbali. Wewe njo muto wake. Toka mwezi wa 5 mpaka mvua irudi, tunatumia bido moja ya litre 20 kila siku kwa vyombo vine; katika joto la mwezi wa 9 tunaongeza ya pili. Maji ya kuoshea muchele na mboga yanafaa, yasiwe na chumvi wala sabuni. Majani yakijikunja kama sigara, bambu inalia kiu. Tandika majani makavu juu ya udongo ili yaufunike. Magamba ya machipukizi yana manyoya madogo yanayowasha. Wafundishe watoto wasiyashike. Sisi hatuli machipukizi yetu, kwa sababu ya vumbi ya hapa.

Juu ya vumbi niseme kweli. Majani yanakamata sehemu ya vumbi, na unaona wazi mvua inapoyaosha. Lakini bambu si dawa. Katika mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi katika mukojo, na watoto kuwapita wakubwa. Basi hata ukiwa na bambu, pangusa barza na kitambaa chenye maji pahali pa kufagia vumbi kavu, funika chakula, na watoto wanawe mikono mbele ya kula. Majani yanasaidia macho na roho. Maji na sabuni yanasaidia tumbo.

Macho ya majirani

Tulipanda katika mwezi wa 11 wa 2018. Mvua ya pili ilipokwisha, bambu ilikuwa imepita kichwa cha mutu, na mama mukwe alikula bila kuangaliwa. Lakini maneno yalianza ku pompi ya maji: “Bale banajifunga nyuma ya majani, banakula nyama bila batu kuona.” Mama anayeuza makala ng'ambo ya njia, ambaye alikuwa akitusalimia kila asubuhi, akaacha kutusalimia.

Wasomaji, munajua desturi yetu. Mutu anayefunga barza yake anaonekana kama mutu anayefunga moyo wake. Na tungejibu nini? Kutembea nyumba kwa nyumba tukieleza mate ya mama? Hiyo ingekuwa kumutosha tena barabarani, safari hii na kinywa.

Neno lilitoka kwa mama mukwe mwenyewe. Alisema: “Munanifungia njia, ni vizuri. Lakini munanifungia na rafiki yangu.” Sisi hatukuwa tumefahamu. Ile salamu ya asubuhi, toka barza mpaka barza, na mukono wake wa kushoto ambao ungali mzima, ilikuwa kwake mazungumuzo ya siku. Wanaume watatu walisukuma chombo cha mwisho kando, pakabaki nafasi ya upana wa mulango, inayoelekea makala tu. Kesho yake asubuhi mama mukwe akainua mukono. Mama wa makala alisimama, akaangalia muda murefu kidogo, kisha na yeye akainua wake. Nafikiri siku ile njo alielewa tunaficha nini.

Nawaambia haya kwa sababu kila anayepanda ukuta wa majani atakutana nayo. Mbele ya kupanga vyombo, ketia pale mugonjwa ao muzee wako anapoketi, uangalie na macho yake. Uone nani wa kufungiwa, na nani wa kuachiwa.

Kugawanya

Katika mwaka wa tatu bambu yetu ilianza kuchoka. Dalili ni hizi: maji unayomwanga yanapita pembeni na kutoka chini bila kuingia, mizizi inatokea katika matundu, fimbo mpya ni nyembamba kuliko za zamani, majani yanageuka manjano hata ukiilisha. Pipa limejaa. Ndugu wanakulana chakula. Hapo kuongeza samadi hakusaidii, ni kugawanya.

Wakati wake ni mwisho wa kiangazi, mvua za kwanza zinapotaka kuanguka, mwezi wa 10 ao mwanzo wa mwezi wa 11, mbele machipukizi mapya hayajatoka. Hapana kugawanya katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Hapana vilevile kugawanya wakati machipukizi ni machanga, yatavunjika yote. Chagua siku ya mawingu ao anza saa kumi ya mangaribi.

Mwangilia maji jana yake. Funga fimbo zote pamoja na kamba, uzikate vichwa zibaki za urefu wa kifua. Mizizi iliyopunguzwa haiwezi kunywesha majani yote. Ingiza panga ndefu kati ya pipa na udongo, uzungushe mpaka mwisho, kisha laza pipa ubavu, watu wawili wavute. Osha udongo kidogo na maji uone mashina ya chini yanavyoshikana. Usikate ovyo. Tafuta mahali ambapo kundi lenyewe linaachana, ukate pale na musumeno wa mbao. Shoka linapasua mashina na kuyaumiza.

Kila kipande kiwe na fimbo tatu, na moja kati yao iwe ya mwaka jana, kwani fimbo changa njo zina macho mazuri ya kuchipuka. Kiwe na mizizi yake. Fimbo moja peke yake mara nyingi inakufa. Ile sehemu ya katikati, nzee, isiyo na macho, uitoshe. Fimbo zake zitashika maharagi ao zitatengeneza utara wa kuanikia vyombo. Vipande vizuri uvifunge mara moja katika gunia lenye maji, kwani jua linaua mizizi upesi. Panda kwa kina kilekile cha zamani, kanyaga udongo, mwanga maji mengi, funga kwa kijiti isitikisike, uweke kivuli kwa majuma mawili ao matatu. Majani mengi yataanguka. Usiogope, na usivute fimbo kuangalia kama imeshika. Ngoja mafundo yaote majani mapya.

Neno moja la akili: usigawanye vyombo vyote katika mwaka mumoja. Tulikata viwili katika mwezi wa 10 wa 2021, na viwili mwaka uliofuata. Hata hivyo upande mumoja wa barza ulibaki uchi, na mama mukwe akarudi mbele ya macho ya njia. Siku ya pili mama wa makala alivuka barabara na bashi yake mukononi, ile anayofunikia makala mvua ikinyesha. Makala yenyewe aliingiza ndani ya nyumba yake, gunia kwa gunia, na kwa majuma matatu alilala pamoja nayo. Nilimwambia hapana, biashara yako itaharibika. Akanijibu: “Makala haina haya. Mama iko nayo.” Akapanda juu ya kiti, akafunga bashi mwenyewe.

Chombo kimoja kilitupa vipande vine. Kimoja kilirudi ndani, vitatu vilibaki. Bila shaka vya kwanza vilivuka njia.

Mwenye kugawanya na mwenye kuchagua

Biblia inatueleza katika kitabu cha Mwanzo habari ya Abramu na Loti. Mifugo yao ilizidi, inchi ikashindwa kuwabeba pamoja, na wachungaji wao wakaanza kugombana. Abramu ndiye mukubwa, lakini alimwachia Loti achague kwanza. Ninapoona pipa limejaa mizizi ninakumbuka habari ile. Kuna wakati kukaa pamoja kunaua, na kuachana kwa amani kunaokoa pande zote mbili. Vijana wanaooa na wazazi wanaowashika kwa nguvu wafikiri pia.

Na kuna sheria ndogo tuliyoifanya nyumbani: siku ya kugawanya, jirani njo anachagua mbele. Usimupe kipande cha katikati, kile kizee, ukisema umetoa. Mutu akitoa kile ambacho angetupa, hajagawanya kitu, amesafisha pipa lake tu. Mama wa makala alichagua viwili vyenye macho mengi. Sisi tulipanda vilivyobaki, na vimeota.

Faida nyingine tuliiona baadaye. Katika kiangazi kimoja vyombo vyetu viwili vilikauka tulipokuwa kwa kilio cha ndugu. Tulivuka njia, tukakata kwake. Bambu ile ilikuwa imerudi nyumbani.

Kama unapenda kuanza, usingoje pesa nyingi. Katika kiangazi tafuta pipa safi na ulize lilibeba nini. Oza samadi yako sasa. Tembea katika misioni na kartye, uangalie nani ana bambu ya kukaa pamoja, umuombe vipande viwili. Kama pipa lake limejaa, unamusaidia kazi. Mvua ya kwanza ikianguka, uwe tayari na musumeno na gunia. Na mbele ya kukata, fahamu jina la jirani ambaye atachagua kwanza.

Bwana awabariki katika nyumba zenu na ku barza zenu.